Hamdani Aliyezikwa Akarudi Kula Pilau

Jumamosi, 3 Oktoba 1953. Majengo, Moshi.

Nimeanza shajara. Mtu wa fikra huwa nayo, na mimi ni mtu wa fikra tangu leo alasiri.

Sababu ni hii. Shangazi Adija amerudi na jibu la Mwanaasha. Nilimtuma aniposee, akaenda amejifunga kanga mpya, akakaa huko mpaka nikauma kucha zote. Mwanaasha hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Amesema chama chetu cha kusoma vitabu kiko katikati ya riwaya, basi tuimalize kwanza. Anataka asikie mle ndani mimi namhurumia nani. Eti mwanamume akija kuposa huwa mpole, lakini akisimulia hadithi hujisahau, ndipo unapomwona alivyo. Akishanisikia, atajibu.

Haya! Kuna tatizo dogo tu. Riwaya sijaisoma.

Sijasoma hata mstari. Ukurasa wa kwanza hunitia usingizi, wa pili nakoroma. Lakini kwenye chama nina heshima zangu, maana kitabu nimekishona mimi. Tunacho kimoja tu, *Bi Tausi wa Mtaa wa Chini*, na wasomaji wamejaa, wengine wako juu kabisa mlimani, kijiji cha Kilema. Ikaamuliwa mimi, fundi Zaidi wa cherehani, nikifumue, nikigawe mafungu manne, kila fungu nilishone upya, yapite mkono kwa mkono. Nilifanya kazi safi. Upepo wa mlimani uliyachezea kidogo nilipoinuka kumpima mtu suruali, lakini niliokota karatasi zote, haikupotea hata moja. Kingo zilikuwa zimechakaa, nikazikata kwa mkasi zikanyooka kama ukosi wa shati. Namba za kurasa zilikwenda na vipande. Nani anasoma namba? Halafu majalada ya kaki, na juu yake moja, mbili, tatu, nne, kwa uzi mwekundu. Hata Salehe alisifu, naye Salehe, karani wa stesheni, hasifu kitu ila kalamu yake.

Kila Jumamosi tunakutana uani kwa Shangazi, wanawake kwenye mkeka, wanaume kwenye benchi, kahawa inazunguka, kila mtu anasema alipofika na anaonaje. Mpaka leo nimekuwa nikitikisa kichwa na kusema "mmh". Sasa nina mpango. Nitachukua maoni ya wenzangu kimyakimya, nitayaunga, nitayapiga pasi. Nani atajua?

Jumatatu, 5 Oktoba.

Kazi imeanza vizuri mno.

Salehe alikuja kibarazani kwangu kushonewa kifungo. Nilikishona polepole makusudi. Nikasema, kama vile nimechoka na dunia, kwamba yule mume wa Tausi, sijui. Akadakia hapo hapo! Akasema Hamdani ni bahili na jeuri, fungu la kwanza zima anamnyanyasa mkewe, anampimia mpaka chumvi, halafu anakwenda safari ya biashara bila kuaga. Yeye anamhurumia Tausi, basi. Nikasema hata mimi nimeona hivyohivyo. Nikakaza kifungo.

Mchana nikaenda sokoni kwa Dominika. Huyu ni binti wa Kilema, anashuka na ndizi, amesoma kwa masista, na jioni humsomea mama yake, Mama Mektrida, ambaye macho yamepungua nguvu. Wamemaliza fungu la pili. Akaniambia Hamdani ameugua, ameomba radhi, amekufa mikononi mwa Tausi, amezikwa. Mama yake amemlilia. Jambo moja tu lilimtatiza Dominika: mtu alikuwa safarini, amefikaje kitandani kwake? Nikamwambia waandishi wakubwa hawaelezi kila kitu. Akanitazama kwa heshima. Nikanunua ndizi ambazo sikuzihitaji.

Sasa nimhurumie nani? Salehe anamhurumia mke, Kilema wanamhurumia mume. Nitawahurumia wote. Mwanaasha hawezi kukosa anachokitaka.

Jumamosi, 10 Oktoba.

Ushindi!

Leo ilikuwa zamu ya fungu la tatu. Mwanaasha alilisoma kwa sauti mwanzo mpaka mwisho, naye ana sauti. Kumbe ndani yake mna nini? Hamdani! Yule aliyezikwa! Anabisha hodi, amebeba kanga na halua, anamwambia mkewe amebadilika, anaketi, anakula pilau sahani mbili.

Uani kukawaka moto. Fundi viatu, mwenzetu wa chama, akasema huyo si mtu, ni jini amevaa sura ya marehemu, na Tausi angemtazama miguuni kabla ya kumpakulia. Shangazi akasema jini hali pilau sahani mbili. Salehe akakunja uso akasema haiingii akilini hata kidogo, lazima kuna kasoro. Nilimwona anataka kusifiwa kwa kuona kasoro.

Mwanaasha akanigeukia. Akasema fundi Zaidi leo hatujamsikia.

Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka, na maneno yakaja yenyewe. Nikasema Hamdani hakuzikwa. Walimzika mtu mwingine. Nikasema mtu akipotea mbali, habari za kifo chake zisipokelewe haraka haraka, maana wangapi wamehesabiwa wamekufa kumbe wapo, wanatafuta njia ya kurudi? Nikasema mwandishi anatukataza kukata tamaa. Nikasema mimi namhurumia yule anayengoja.

Yule anayengoja! Sijui neno hilo nililitoa wapi.

Mwanaasha alinitazama kwa muda mrefu. Shangazi akajifuta jicho. Dominika, ambaye alikuwa amekaa pembeni na kikapu chake kitupu, akaniuliza kama naamini hivyo kweli kweli. Nikamwambia naamini kama ninavyouamini mkasi wangu. Akaniomba nirudie taratibu, ayabebe maneno yote akamwambie mama yake. Nikarudia, nikaongeza na mengine.

Nimetembea kurudi nyumbani kifua mbele. Salehe alitembea nyuma yangu, na mawazo yake.

Jumatano, 14 Oktoba.

Dominika amekuja kibarazani. Nilidhani analeta sifa.

Alileta habari. Kumbe ana kaka, Ildefonce. Alikwenda vitani Burma na wenzake, wenzake wakarudi. Serikali ilileta taarifa kuwa haonekani. Haonekani, si amekufa. Mama Mektrida alingoja, alingoja, mwisho akakubali, akamwombea misa, akafunga chumba chake. Hayo yalikuwa yamekwisha.

Sasa amekifungua. Amefagia, ametandika kitanda. Amewaambia wajukuu wasikanyage humo na miguu ya shambani. Ameagiza ndizi za mbege, ile pombe yao, zianze kuivishwa. Jumapili alimngoja Padri mlangoni akamuuliza kama mtu aliyesomewa misa ya wafu anaweza kurudi nyumbani. Padri akamuuliza amesoma injili gani. Akasema fungu la tatu.

Dominika alicheka aliposema hayo, kisha hakucheka tena. Akasema mama yake analala vizuri, muda mrefu hakulala hivyo. Anachotaka kujua ni kimoja tu. Kwenye fungu la nne, Hamdani anakaa? Haondoki tena?

Fungu la nne liko kwangu. Ilikuwa zamu yangu kulisoma tangu wiki iliyopita. Liko chini ya mguu wa cherehani, linazuia meza isitikisike. Nikamwambia bado naendelea, kitabu kizuri hakikimbizwi.

Alipoondoka nikalivuta, nikasoma ukurasa wa kwanza. Tausi yuko eda. Amevaa nguo za kufiwa, watu wanampa pole ya mume. Eda tena! Mume gani tena? Mbona amekula pilau juzi? Nikalirudisha chini ya mguu wa cherehani.

Nafsi yangu haijatulia. Lakini kosa langu liko wapi? Mimi nilitoa maoni tu. Maoni si dawa ya hospitali, mtu hapewi akanywa.

Ijumaa, 16 Oktoba.

Naandika haya mlango umefungwa. Mteja anagonga. Agonge.

Salehe amepata kitabu kizima. Kimekuja na treni kutoka kwa binamu yake Tanga, kipya, kina namba kila ukurasa. Amekisoma chote. Alikuja, hakuwa na kifungo cha kushona. Akafungua kitabu juu ya meza yangu, akaweka mafungu yangu pembeni, akanionyesha kwa ile kalamu yake.

Hamdani anakwenda safari. Hamdani anarudi amebadilika, anakula pilau. *Halafu* anaugua. *Halafu* anakufa, mkewe ameshamsamehe. Halafu Tausi anakaa eda, anafungua duka lake. Kila kitu kinaingia akilini. Mtoto mdogo angeelewa.

Fungu la pili nililiita la tatu. La tatu nikaliita la pili. Ule upepo!

Nilitaka kucheka. Sikuweza. Akilini nilikiona kile kitanda cha Kilema kimetandikwa.

Salehe hakunicheka, na hilo limeniuma kuliko kucheka. Alisema afadhali niseme mwenyewe kesho uani, nisipofanya hivyo atasema yeye. Nikamwambia bila shaka nitasema mwenyewe. Nikamshukuru kama ndugu.

Nimekaa nikifikiri. Nimepata. Nitasema wapiga chapa ndio waliokosea. Wapiga chapa wako mbali, hawatasikia.

Jumamosi, 17 Oktoba.

Aibu. Aibu. Sijui niandike nini zaidi.

Nilisimama mbele ya watu nikasema kwa huzuni kuwa kitabu chetu kilitoka kiwandani kina kasoro, na wapiga chapa wa siku hizi hawana uangalifu. Watu wakasikitika. Fundi viatu akawalaani wapiga chapa. Nilikuwa ndio kwanza naketi.

Mwanaasha akauliza kama namba za kurasa zenyewe nazo zilikosewa.

Nikasema namba, ndiyo, namba, kwa kweli namba hazikuwapo.

Akachukua fungu la kwanza, akapitisha kidole ukingoni, pale nilipokata kwa mkasi pakanyooka. Akampa Shangazi. Shangazi akapitisha kidole. Likapita mkono kwa mkono benchi zima, kila mtu akipapasa ule ukingo mzuri, na kila mtu aliyepapasa aliinua macho akautazama mkasi unaoning'inia shingoni mwangu. Mkasi wenyewe sikukumbuka kuuvua. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Fundi viatu ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akamwaga kahawa. Akasema nimemfufua mtu kwa mkasi. Wote wakacheka, hata Shangazi yangu wa damu, mkono mdomoni. Dominika peke yake hakucheka. Aliinuka akaenda kusimama karibu na mlango, ametupa mgongo.

Mwanaasha akaniuliza kwa sauti ndogo swali lililonimaliza. Niliposema watu waliopotea hurudi, nilikuwa nimesoma nini?

Nilikuwa sijasoma kitu.

Basi akasema kitabu kinaweza kushonwa upya, hilo si neno. Lakini Dominika amemweleza kuwa kuna mama mmoja Kilema anasubiri mwanawe kwa sababu yangu. Nipande mwenyewe, nimwambie kwa mdomo wangu. Nikirudi atanipa jibu lake. Kumbe jibu bado lipo! Hata katikati ya fedheha ile moyo wangu uliruka, shetani huyu.

Dominika akanieleza pale mlangoni, bila kunitazama, jinsi inavyofanywa kwao. Uchume jani la isale, yale marefu yanayopandwa mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Ukilishika mkononi ukamwendea uliyemkosea, ukataja kosa, hawezi kukukatalia. Ni lazima asamehe. Nikamuuliza mara mbili. Lazima? Akasema lazima.

Jumatatu, 19 Oktoba.

Nimekwenda. Nimerudi. Nimesamehewa. Kwa nini basi sijisikii vizuri?

Lori mpaka Himo, la pili mpaka chini ya mlima, halafu miguu. Njia yote migomba na mikahawa, watu wanachuma buni, kila ninayepishana naye ananisalimu kana kwamba mimi ni mtu mwema. Karibu na boma la Mama Mektrida nikachuma jani la isale, refu, la kijani, halina dosari. Nilichagua lile kubwa kabisa.

Alikuwa uani, anamenya ndizi za mtori, supu yao ya ndizi. Nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba mwanangu, akainua uso, hakuniona vizuri lakini aliliona jani. Kisu kikasimama. Akauliza kwa upole, nimemkosea nini?

Nilikuwa nimejipanga! Njia nzima nilirudia maneno. Lakini nyuma yake mlango wa kile chumba ulikuwa wazi. Nilikiona kitanda. Shuka nyeupe, mto, na kandambili za mwanamume zimepangwa chini, zinaelekea nje, tayari kuvaliwa.

Nikasema nimechelewesha fungu la nne.

Ndivyo nilivyosema! Mdomo wangu huu! Nikasema zamu yangu ilipita, nikakaa na kitabu, nimekuja kuomba radhi. Mama Mektrida akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akasema watu wa mjini wana adabu siku hizi, mtu kupanda mlima mzima na isale kwa ajili ya kitabu! Akalipokea jani kwa mikono miwili. Akasema amesamehe, yamekwisha, nikae nile.

Nikala mtori. Ulikuwa mtamu.

Akaniambia yale maneno yangu yote anayajua, Dominika amemfikishia, na akanitajia moja moja, na yale niliyoongeza pia. Akasema mimi ndiye mtu wa kwanza kusema alichokuwa anakiogopa kukisema. Kisha akaingia ndani akatoka na kitambaa, kaki nzuri, imekunjwa siku nyingi. Akasema nimshonee Ildefonce shati. Hawezi kurudi akakuta nguo za ujana tu. Kipimo? Akanishika mabega kwa mikono yake miwili, akayapapasa, akasema mapana kama haya haya.

Niliondoka na kitambaa kwapani. Nilipofika barabarani nikakaa juu ya jiwe kwanza.

Jumanne, 20 Oktoba.

Nimemwambia Mwanaasha kuwa nilibeba jani, nikamwendea Mama Mektrida, nikaomba radhi, akanisamehe. Si uongo! Kila neno ni kweli. Aliniuliza alilipokeaje jambo hilo. Nikasema alicheka. Hilo nalo ni kweli tupu.

Mwanaasha alifurahi. Alisema hakunidhania kuwa na moyo huo. Alisema Jumamosi atazungumza na Shangazi. Ningepaswa kuruka ruka. Nilirudi kibarazani nikakata shati.

Sijawahi kushona shati vibaya namna hii. Nimefumua mkono wa kulia, nikaurudia, bado hautaki kukaa. Kila nikilipima nalipimia mwilini mwangu, na kila nikilivaa nalivua haraka.

Fungu la nne nimempa Dominika leo, pamoja na kitabu kizima cha Salehe, maana Salehe alisisitiza. Nikamwambia Dominika hakuna haraka ya kumsomea mama. Asubiri hata baada ya mavuno. Akavitia vyote kikapuni akaondoka.

Jumamosi, 24 Oktoba.

Mama Mektrida ameshuka mjini.

Tulikuwa tumeanza tu kahawa. Dominika aliingia kwanza, amemshika mama yake mkono. Watu wote wakasimama, shikamoo, shikamoo, Shangazi akakung'uta mkeka. Mama hakuketi. Akauliza fundi yuko wapi. Wakanisogeza mbele.

Akasema Dominika amemsomea kitabu kama kilivyo, kwa namba zake. Akasema amefunga chumba. Hakupaza sauti. Akasema jani nililoleta lilitumika kwa kosa dogo, naye akalipokea kwa nia njema, haliwezi kutumika tena. Kwa hiyo amenichumia jingine.

Akalitoa ndani ya kanga. Akanishikisha.

Mungu wangu. Mbele ya Mwanaasha, mbele ya Salehe, mbele ya fundi viatu aliyenicheka wiki iliyopita. Nililishika lile jani na nikasema. Nilisema sijasoma kitabu. Nilisema nilikata namba nikachanganya mafungu. Nilisema sikujua lolote kuhusu watu wanaorudi, nilisema tu kwa sababu Mwanaasha alikuwa ananitazama na nilitaka aendelee kunitazama. Nilisema nilikiona kile kitanda nikaogopa. Hapo nikalia kama mtoto aliyechapwa, puani na machoni.

Aliningoja nimalize. Akaomba shati.

Nikakimbia kulileta. Alilipapasa mshono kwa mshono. Akasema mkono wa kulia ni mrefu, mwanawe hakuwa hivyo. Akalikunja, akaliweka kikapuni. Kisha akasema amenisamehe. Amenisamehe kwa sababu isale haikataliwi, si kwa sababu moyo wake umekubali; moyo utafuata siku utakapopenda, nisiuharakishe. Akawaaga wote vizuri. Walitaka kuwahi lori la Himo kabla ya mvua.

Baadaye Shangazi aliletewa jibu. Mwanaasha amesema hapana. Eti si kwa sababu sikusoma, wengi hawasomi. Amesema toka mwanzo wa kitabu mpaka mwisho hakunisikia nikimhurumia mtu hata mmoja, na leo nilipolia alisikiliza sana, akaona hata hapo najihurumia mwenyewe.

Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi. Nimejaribu kuipinga. Haipingiki.

Nimeapa. Sitasema tena kitu nisichokijua. Kuanzia leo nitasema "sijui". Nimejizoeza kulisema mbele ya kioo. Si neno gumu.

Jumamosi, 31 Oktoba.

Chama kimepata riwaya mpya. Wamempa Salehe aigawe. Ameiacha nzima, hakukata chochote, watu watasomeana. Mimi nimekaa mwisho wa benchi, nimekunywa kahawa yangu, nimesema "sijui" vizuri kabisa, kila mtu amesikia. Mwanaasha aliitikia kwa kichwa, kwa wema. Nilirudi nyumbani nimejaa amani. Nikaona kweli nimekuwa mtu mwingine.

Ndipo akaja Bi Veronika. Ni mwuguzi, mgeni hapa Moshi, amepanga nyumba ya pili kutoka kwangu. Alileta gauni la kazi nilipunguze. Ana macho makubwa na anacheka polepole. Akaona karatasi za chama mezani pangu, zenye jina la riwaya mpya, akaniuliza kama mimi ni msomaji. Akasema ile riwaya mpya alianza kuisoma kwao, ikachukuliwa na mwenyewe kabla hajamaliza, na tangu siku hiyo hana raha.

Nilikuwa na lile neno mdomoni. Tayari kabisa! Lilikuwa limefika kwenye meno.

Nikasikia mtu anasema ameisoma mara mbili na mwisho wake ulimliza. Mtu huyo alikuwa mimi.

Bi Veronika akaketi kwenye kigoda changu. Akasema nisimmalizie utamu, nimwambie kitu kimoja tu, maana kinamnyima usingizi: yule mtoto wa kambo, anapona?

Nikasema anapona.

Alifurahi jamani! Akapiga makofi. Amesema Jumatatu atarudi kuchukua gauni, nimweleze vizuri anaponaje. Sasa naandika na sijui huyo mtoto anaumwa nini, wala kambo ya nani. Kitabu kiko kwa Salehe, na Salehe vifungo vyake vyote ni vizima. Eeh Mola, mponye yule mtoto.